Kabla hujanunua oto-waa, nenda na gitaa lako

Pedali yangu ya kwanza ya oto-waa, kile kikasha cha kukanyaga kinacholifanya gitaa liseme "waa" lenyewe, niliinunua Kariakoo kwa sh. 80,000, imeshatumika, haina boksi wala kijitabu. Muuzaji aliichomeka kwenye kiamplifaya cha dukani, nikapiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa mpigo, nikaiacha ilie, ikalia wau-wau-wau, nikatoa hela. Jumamosi yake tulikuwa na harusi Sinza. Tulipoingia kwenye sebene nikaikanyaga. Ngoma zinakwenda zao, pedali inakwenda zake, na mimi katikati najitahidi kupatanisha. Mpiga besi wetu, mtu mzima aliyeanza dansi mimi sijazaliwa, akanisogelea akaniuliza sikioni: "Dogo, hilo gitaa lina kwikwi?"

Nilikuwa sijui kwamba jina hilo la oto-waa hubandikwa kwenye vitu viwili. Kuna pedali inayokwenda kwa saa yake ya ndani: filta, yaani sehemu inayochuja sauti, inafunguka na kufunga kwa mwendo uliouweka, upige au usipige. Halafu kuna inayosikiliza mkono wako. Ukigonga uzi kwa nguvu filta inafunguka sana, ukigusa kidogo inafunguka kidogo, na noti inapofifia nayo inajifunga. Hii ya pili ndiyo wenyewe huiita envelopu filta, na mara nyingi ndiyo unayoitafuta hata kama hujui jina lake. Ile sauti ya kutafuna kwenye Higher Ground ya Stevie Wonder, ya mwaka 1973, ni klavineti, kinanda cha umeme chenye nyuzi, iliyopitishwa kwenye Mu-Tron III, mashine aliyoibuni Mike Beigel ikatengenezwa na Musitronics ya Marekani. Bootsy Collins aliitumia kwenye besi, Jerry Garcia kwenye gitaa. Watu watatu, vyombo vitatu, na kila mmoja anasikika ni yeye, kwa sababu pedali inafuata kidole cha anayepiga.

Kuzitofautisha dukani hakuhitaji utaalamu. Piga noti moja taratibu mno, kama hutaki jirani asikie, kisha piga hiyohiyo kwa nguvu. Kama "waa" imekuwa ileile mara zote mbili, hiyo inakwenda kwa saa. Mimi nilipiga kodi moja, mara moja, nikaridhika. Na nyingine zina namna zote mbili ndani ya kasha moja, kama Boss AW-3, kwa hiyo usiikatae kabla hujaona swichi iko wapi.

Sasa, jambo ambalo lingenifaa kuliko yote kama ningeambiwa mapema: nenda na gitaa lako. La dukani halikusaidii kitu. Pedali hizi zina nobu ya kupimia unyeti, nyingine imeandikwa Sens, nyingine Gain, nyingine Drive. Kazi yake ni kuamua nguvu kiasi gani itoke kwenye gitaa ndipo filta ifunguke. Gitaa lenye pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, za koili moja hutoa umeme mdogo, lenye humbaka, yaani pikapu za koili mbili, hutoa mwingi. Niliwahi kuazima gitaa la humbaka kwa sababu langu lilikatika jeki, nobu zikabaki pale pale, na usiku kucha filta ilikuwa wazi tu, haina waa wala nusu waa, sauti kali kama redio iliyokosa stesheni. Nikageuza nobu nyuma mpaka mwisho, bado. Pedali ile haikuwa na nafasi ya kutosha upande wa chini. Kumbe dawa ya dharura ilikuwa mkononi: punguza volyumu ya gitaa kidogo na filta inatulia. Lakini ukishaanza kupunguza volyumu ili pedali ifanye kazi, ujue umenunua ya mtu mwingine.

Na mkono wenyewe ni sehemu ya kipimo. Kaa na pedali dakika kumi, piga kama unavyopiga siku zote, siyo kama unavyopiga mbele ya muuzaji. Nobu ya unyeti ikikaa katikati na pedali inakuitikia, basi unabaki na nafasi pande zote mbili. Ikibidi uisukume hadi ukutani ndipo isikike, iache.

Hapa nitakaa kidogo, maana maelezo mengi ya pedali hizi yameandikwa na watu wa fanki, na fanki ina mapengo. Mkono unagonga, unanyamaza, filta inapata muda wa kufunga kabla ya kugongwa tena. Gitaa la solo la dansi halina mapengo. Noti zimeshikana kama punje kwenye gunzi, zinazunguka, na mkono hauachi nguvu. Filta inafunguka kwenye noti ya kwanza, kabla haijashuka inakutana na ya pili, ya tatu, ya nne, inabaki imening'inia nusu wazi. Msikilizaji hasikii waa yoyote, anasikia gitaa lenye mafua. Ndiyo maana kwa mpigaji wa huku kwetu ninaangalia kwanza kama pedali ina namna ya kuharakisha kufunga. Nyingine zina nobu ya Decay, ya kuamua filta ijifunge upesi kiasi gani, na Q-Tron Plus ya Electro-Harmonix ina swichi ya haraka na taratibu. Kasha dogo lenye nobu moja tu linaweza kumtosha mpiga ridhimu anayekata kodi fupifupi, lakini mpiga solo atalilaumu bure. Na hata ukiwa na hiyo swichi, solo ya namna hii inakubali waa pale unapoacha nafasi: mwisho wa mzunguko, au unapomjibu mwimbaji kwa noti mbili tatu.

Kuhusu mwelekeo wa filta, sisi tuna bahati ya lugha. Swichi ikiwa juu, pedali inasema "ua". Ikiwa chini inasema "au". Jaribu kwa mdomo wako, utaona ndicho kinachotokea: mdomo unafunguka au unafunga. "Ua" ndiyo sauti wanayoizoea wengi. "Au" ni ya ajabu kidogo, kama gitaa linavutwa kinyumenyume, na binafsi huitumia mara moja kwa mwezi. Usilipie zaidi kwa ajili yake.

Kuna pia kichagua cha aina ya filta. Inayopitisha masafa ya chini inatoa sauti nene, yenye tumbo. Inayopitisha ya katikati inakaribia waa ya kukanyaga kwa mguu, ya puani puani. Inayopitisha ya juu ni nyembamba, na ndani ya bendi yenye kinanda inapotea kabisa. Kwa besi chukua ile ya chini, au tafuta pedali inayokuachia sauti kavu, isiyochujwa, ipite pembeni, kama Bass Envelope Filter ya MXR ambayo nobu ya sauti kavu na nobu ya sauti ya filta ziko mbalimbali. Bila hivyo utakanyaga pedali na ukumbi mzima utahisi mpiga besi ameenda kunywa maji.

Nyumbani ichomeke iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa. Kompresa, pedali ya kusawazisha sauti, ikitangulia, inalinganisha noti ndogo na kubwa, na filta haina tena cha kusikiliza. Distosheni, ile ya kuchafua sauti, ikitangulia hali inakaribia kuwa hiyohiyo, ingawa utamu wake upo, maana sauti iliyochafuka ina mengi ya kuchujwa. Q-Tron Plus imelitatua kwa kuweka tundu za kupitisha pedali nyingine katikati: filta inafuata mkono wako msafi, halafu inachuja sauti chafu. Inapendeza, ila ni kubwa, na mimi napanda bajaji na gitaa mgongoni.

Adapta nayo isikuponze. Pedali nyingi hizi hula volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta za ruta zilizojaa majumbani kwa kawaida zina chanya katikati. Inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na hapo ndipo msiba ulipo. Angalia kale kamchoro ka duara kwenye kasha kabla hujachomeka. Kwenye kazi za jenereta mimi hutumia betri, kwa sababu mvumo wa umeme ukishaingia kwenye filta nao unageuka waa. Na ukikaa karibu na bahari, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kwenye jeki na nobu kila baada ya miezi michache. Hewa ya chumvi haina huruma, nobu zinaanza kukwaruza mapema.

Kama una kifaa cha efekti nyingi, anza na hicho kabla ya kutoa hela. Karibu vyote vina oto-waa ndani. Haitakuwa nzuri sana, lakini baada ya wiki mbili za mazoezi utajua kama unaikanyaga kila wimbo au umeisahau.

Ile ya sh. 80,000 sikuiuza. Mpiga kinanda wetu anaiweka mwendo wa polepole kabisa kwenye nyimbo za kuingizia maharusi, na pale inakaa vizuri. Mzee wa besi bado akiiona jukwaani anaigeuzia jicho.