Maili kwa galoni: galoni ya nani?

Ndugu, umeuliza gari lipi linabana mafuta zaidi: la tangazo la Uingereza lenye maili 40 kwa galoni, au la Marekani lenye maili 34. Usikimbilie namba kubwa. Maili ni ileile kote, kilomita 1.609, lakini galoni si moja.

Galoni ya Uingereza ina lita 4.546, ya Marekani lita 3.785. Wamarekani walibaki na galoni ya mvinyo ya Kiingereza ya zamani, iliyowekwa kisheria enzi za Malkia Anne. Waingereza wenyewe waliiacha kwa sheria ya mwaka 1824, wakaweka kubwa zaidi. Ndiyo maana hata painti zao, yaani sehemu ya nane ya galoni, hazilingani: mililita 568 London, 473 Chicago.

Badilisha zote ziwe kilomita kwa lita, maana pampu zetu zinauza kwa lita. Namba ya Uingereza zidisha kwa 0.354: utapata 14.2. Ya Marekani zidisha kwa 0.425: utapata 14.5. Kwa hiyo hilo la maili 34 ndilo lenye nafuu, ingawa kidogo sana.

Tofauti ndogo hivyo mimi nisingeitegemea kuchagua gari, kwa sababu nchi hizo pia hazipimi matumizi ya mafuta kwa utaratibu mmoja. Angalia zaidi hali ya injini na upatikanaji wa vipuri. Na muuzaji akikutajia galoni tu, mwulize ni ya wapi kabla hujalipa chochote.