Shangazi nisaidie: sabuni inaisha, mikono inapasuka, na watoto wanataka kutoka

Barua za safari hii zimenigusa maana karibu zote zinaanza na "mimi sijui kupanga", halafu ukisoma mpaka mwisho unakuta mtu anapanga vizuri kabisa ila hajawahi kukaa chini akajua nyumba yake inatumia nini na kwa siku ngapi. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu, nyingine kwa ufupi, msinione nawabagua.

Shikamoo shangazi. Kila nikienda dukani naenda na orodha, na nanunua kwa jumla maana naambiwa ndo nafuu. Lakini katikati ya mwezi pesa imeisha na kabati bado limejaa. Nakosea wapi? Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Umeshajijibu mwenyewe pale uliposema kabati limejaa. Pesa yako haijapotea, imo humo kabatini imegeuka sabuni na mchele wa miezi miwili ijayo, wakati leo unahangaikia nauli ya mtoto. Kununua kwa jumla ni kuzuri sana lakini kwa kitu unachojua kinakwisha lini, na hapo ndo wengi tunapokwama kwa sababu orodha tunaandika kwa kukumbuka tu, yaani unasimama katikati ya jikoni unajiuliza "hivi mafuta yapo?" unaandika mafuta, unarudi nayo unakuta chupa nzima ilikuwa nyuma ya sufuria.

Fanya hivi kwa mwezi mmoja tu. Tafuta maka peni uifunge kwa uzi kwenye mlango wa kabati, na kila ukifungua kitu kipya andika tarehe juu yake, chupa ya mafuta, paketi ya sabuni, dawa ya meno, majani ya chai, kila kitu. Kikiisha, kabla hujakitupa angalia tarehe uhesabu siku. Chupa yangu ya sabuni ya vyombo niliyokuwa naapa inakaa mwezi mzima nilikuta imeandikwa tarehe 3 na imekwisha tarehe 19, na nilipochunguza nikagundua watoto wanaiminya moja kwa moja kwenye sponji, vijiko vitatu vinne kwa vyombo vya watu watano, nyingi inaondoka na maji. Sasa naimimina kidogo kwenye bakuli lenye maji asubuhi, sponji inachovywa humo, na chupa ileile inavuka mwezi. Sikubadilisha duka wala aina ya sabuni.

Ukishajua siku ndo sasa unaingia kwenye hesabu ya bei, na hapa naomba uwe mkali. Usiamini kwamba pakiti kubwa siku zote ni nafuu. Tuchukue namba rahisi, pesa yoyote ile: pakiti ya gramu 500 inauzwa 100, na ile kubwa ya gramu 1,250 inauzwa 275. Ukigawanya, ndogo ni 20 kwa kila gramu 100, kubwa ni 22. Yaani ukichukua kubwa umelipa zaidi huku unajiona mjanja. Simu yako ina kikokotoo, simama hapohapo mbele ya rafu ugawanye bei kwa uzito, usione aibu, nyuma yako kuna mwenzio anatamani angekuwa na ujasiri huo. Na soma gramu, usisome boksi, maana kuna bidhaa bei haipandi ila uzito unapungua kimyakimya na boksi linabaki na ukubwa uleule.

Kingine ni tarehe zilizoandikwa kwenye bidhaa, watu wanatupa chakula kizima kwa kutozielewa. Kuna inayosema kitu kiko bora zaidi kabla ya siku fulani, hiyo inazungumzia ladha na ubora, biskuti au tambi zikipitisha siku chache na pakiti haijafunguliwa wala haijaharibika si sumu. Na kuna inayosema kitumike kabla ya siku fulani, hiyo ni ya usalama, utaiona kwenye nyama na vitu vinavyoharibika haraka, na hiyo haina mjadala hata kama kinanukia vizuri. Ukirudi na mzigo mpya vipange nyuma, vya zamani vije mbele, mkono uchukue cha zamani bila kufikiri.

Shangazi, zile ofa za nunua mbili upate ya tatu bure ni za kweli au tunaibiwa? Mpenda Ofa

Ni za kweli kama ulikuwa unahitaji tatu. Kama ulikuwa unahitaji moja basi umelipia mbili. Mimi nina swali moja tu nikiiona: kingekuwa hakina ofa ningekinunua leo? Jibu likiwa hapana naondoka. Na usiende dukani na njaa, hilo nalisema kila mwaka na nitaendelea kulisema.

Naosha vyombo na nguo kila siku, mikono imekauka mpaka inapasuka na kutoa damu kwenye viungo vya vidole. Rafiki yangu ananipa krimu ya kung'arisha anasema italainisha na kutoa weusi wa vidole. Nitumie? Dada wa Sinki

Mdogo wangu, hiyo krimu usiipake. Nakuomba kabisa.

Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, ile metali ya majimaji iliyokuwa kwenye vipimajoto vya zamani. Zebaki inaharibu figo, na anayeipaka anaweza kuwaathiri hata watoto nyumbani kwa kugusana na kupitia mataulo. Si maneno ya mtaani haya, upo mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliotaka nchi wanachama ziache kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo kuanzia 2020, na bado vinauzwa. Angalia orodha ya viungo, ukiona mercury, calomel au herufi Hg irudishe kwa mwenyewe. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: maelezo yakisema usiguse dhahabu, fedha au aluminiamu ukiwa umepaka, jiulize ngozi yako yenyewe inaguswa na nini. Na zipo ambazo haziandiki chochote, hizo hazifai hata kufunguliwa.

Sasa tutibu mikono yenyewe. Ngozi ya mikono inapasuka kwa sababu sabuni na maji ya moto vinaondoa mafuta yake ya asili, maji ya ndani yanatoroka. Kwahiyo dawa ni kupunguza kinachoondoa na kuziba kinachotoroka. Osha vyombo kwa maji ya uvuguvugu, vaa glavu za mpira, na kama zinakutoa jasho vaa za pamba ndani yake. Ukimaliza, jifute kwa kugusagusa si kusugua, mikono ikiwa bado na unyevu kidogo, ndani ya dakika kama tatu hivi, paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Yale ya bei ya chini kabisa ya kopo yanafanya kazi hii vizuri kuliko losheni nyingi za chupa nzuri, maana losheni nyingi ni maji na kinachotakiwa hapa ni kifuniko. Usiku paka kwa wingi uvae soksi safi za pamba mikononi ulale nazo. Mara ya kwanza utajisikia ajabu, usiku wa tatu wa nne utaanza kuona mipasuko inafunga midomo. Isipofunga ndani ya wiki mbili, au ikitoa usaha, nenda hospitali.

Na kwa kuwa unaosha kila siku nakuongezea hili: jiki isichanganywe na kitu chochote zaidi ya maji. Siki, dawa ya choo yenye asidi, dawa ya vioo yenye amonia, vyote vikikutana na jiki vinatoa gesi inayochoma mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndo mahali pabaya zaidi.

Shikamoo shangazi, mimi ni mwanaume. Mke wangu amechoka, nikimwambia apumzike ananijibu "nikipumzika nani atafanya". Nampa pesa aende saluni haendi. Nifanyeje? Baba Mapacha

Marahaba baba, na asante kwa kuandika.

Anayosema mkeo ni kweli tupu. Ukimpa pesa ya saluni bila kuondoa kazi, umemwongezea jambo jingine la kupanga. Mwili wa mtu mzima unataka usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku, na mama wa mapacha akipata hizo kwa mfululizo ni sawa na saluni kumi.

Chukua kazi mbili ziwe zako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Namaanisha mwisho kweli. Mfano kuogesha watoto na kuwalaza: wewe ndo unajua mataulo safi yako wapi, wewe ndo unaona sabuni yao inakaribia kuisha, wewe ndo unaamka mmoja akilia saa nane. Usimuulize "nguo zao ziko wapi", tafuta. Kinachomchosha si kuogesha peke yake, ni kukumbuka kila kitu cha kila mtu bila kupumzika. Ukishazoea hizo mbili mwambie Jumamosi saa tatu mpaka saa sita ni zake, na wewe toka na watoto nje ya nyumba, maana akiwasikia wanalia ukumbini hatapumzika hata ukifunga mlango.

Watoto wanadai kutoka kila wikendi na kila tukitoka tunarudi hatuna kitu. Tukiwakatalia wananuna. Kuna njia ya kutoka bila kufilisika? Mama Wawili

Ipo. Pesa ya kutembea na watoto mara nyingi haiishi kwenye kiingilio, inaishia kwenye njaa na kiu. Mtoto akishaona njaa mahali ambapo kuna muuzaji mmoja tu, utalipa atakayotaja. Kwahiyo beba chakula na maji, na kibebe vizuri. Jana yake jaza chupa za maji robo tatu, usijaze kabisa maana maji yakiganda yanatanuka, zilaze kwenye friza usiku kucha zigande. Asubuhi zipange kwenye boksi la baridi katikati ya chakula, zinakuwa barafu yako, na zikiyeyuka ndo maji yenu ya kunywa. Boksi lililojaa linakaa na baridi muda mrefu kuliko lililo nusu, pengo lizibe kwa taulo. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na siku ya joto kali lisaa limoja linatosha, baada ya hapo msile hata kama kinaonekana kizuri. Usihurumie sufuria, huruma hiyo ndo inawaleta watu wodini na matumbo.

Losheni ya jua usinunue kwa ukubwa wa namba ya SPF, ile inayoonyesha kiwango cha kinga. SPF 30 inazuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, SPF 50 asilimia 98, SPF 100 asilimia 99. Tofauti ni ndogo kuliko bei inavyoonyesha, kinacholinda ni kuipaka ya kutosha na kurudia kila baada ya saa 2 na baada ya kutoka majini.

Waite watoto kabla ya siku, wape kiasi chote mlichonacho kama namba, uwaambie wachague: kiingilio cha mchezo mmoja au vitafunwa vya kununua. Wakichagua wenyewe hawanuni njiani. Na kutoka si lazima kulipia, mtoto wa miaka mitano ukimpa saa mbili kwenye uwanja wa bure na mpira na mzazi ambaye hashiki simu, hatakuuliza mengine.

Ila kama mnaenda kwenye maji, hapa naandika nikiwa na uzito moyoni. Miaka ya nyuma tulikuwa watu wazima sita kando ya bwawa, tunaongea, kila mmoja akidhani mwenzie anaangalia. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa amesimama wima majini, kichwa kimeinamia nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, macho wazi, mikono inasukuma maji chini kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Hakupiga kelele. Mama mmoja asiyetujua ndo aliruka. Mtoto yuko salama leo, ni kijana mkubwa. Anayezama hapigi kelele kwa sababu hana pumzi ya kupigia. Kwahiyo mchague mtu mmoja mzima, kwa jina, asishike simu wala asichote chakula, aangalie maji tu, na baada ya dakika 15 ampokeze mwingine kwa kumwambia "sasa ni wewe". Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na yale maboya ya kupuliza ya mkononi ni ya kuchezea, hayamlindi.

Mwanangu wa miaka saba anatapika kila tukisafiri na gari. Tumeacha hata kutembelea bibi yake. Mama Safari

Pole sana. Sikio la ndani linamwambia anasogea, macho yaliyo kwenye simu au kitabu yanamwambia ametulia, ubongo unachanganyikiwa tumbo linalipa. Kwahiyo vitabu na simu viache mfukoni, aangalie mbali mbele kupitia dirisha, hewa iingie, ale kidogo tu na chepesi kabla ya safari, asiende na njaa wala na shibe. Simameni kila baada ya muda ashuke atembee. Mfuko wa kutapikia uwe mkononi mwako si kwenye buti. Na dawa za kichefuchefu msimpe kwa kukadiria, muulize mfamasia kwanza ukimtajia umri na uzito wa mtoto.

Anza na safari ya dakika ishirini, halafu nusu saa. Bibi atawasubiri.