Mdogo wangu, sayansi usiitoe kwenye stori

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa Muheza, anaandika hadithi za sayansi, kaka yake kamwambia hizo ni stori za kiume tangu zamani, mwanamke akiingia anaziharibu, sasa ananiuliza, dada, nihamie kwenye mapenzi? Nilikuwa natia tui kwenye kisamvu, nikaepua sufuria nikakaa chini, maana kanitonesha kidonda.

Mimi niliandika hadithi ya silikanti, yule samaki wa kale anayenasa kwenye majarife ya wavuvi wetu hapa Tanga. Watu watano wanashuka na nyambizi mbele ya Kigombe. Nikapeleka kwa mchapishaji mmoja, mhariri akanipigia anacheka, "Dada, mambo ya nyambizi waachie wenyewe, tuletee ya mapenzi." Nililia ndani ya bajaji kutoka Raskazone mpaka Ngamiani, dereva akadhani nimefiwa. Baadaye nikapeleka kwingine, sikugusa hata nukta, ila jina nikaweka herufi mbili tu. Jibu: "Kaka, hesabu zako za presha zimetulia sana." Kaka!

Na sio mimi wa kwanza. Marekani kulikuwa na Alice Sheldon, mwandishi wa hadithi za sayansi, akijiita James Tiptree Jr., mwaka 1975 mwandishi mwenzake maarufu akaandika kabisa kwamba kalamu ile ni ya mwanaume, 1977 ikajulikana ni mama mtu mzima. Na huyo kaka mtu anayesema tangu zamani, mwambie mwaka 1905 Begum Rokeya, mama wa Kiislamu wa Bengali, alishaandika nchi ambayo wanaume wanafungiwa ndani na wanasayansi wanawake wanavuna joto la jua.

Ila nikiri jambo, na hili linaniuma kuliko yule mhariri. Kitabu kilipokaribia kutoka nikakisoma upya. Mwanamke wangu pekee mle nyambizini, kurasa arobaini, kazi yake kuuliza "hii nini?" ili wanaume wamweleze, na kuchemsha kahawa. Nimemwandika mimi mwenyewe, mtoto wa kike! Na silikanti aliyegunduliwa 1938 kule Afrika Kusini, aliyemshtukia kwenye rundo la samaki ni Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, ndio maana kwa kisayansi samaki anaitwa Latimeria. Nilikuwa nayo kwenye daftari langu. Ugunduzi nikampa profesa mwenye masharubu. Sasa hapo kosa la sayansi liko wapi? Ukishuka mita 10 presha inaongezeka kama angahewa moja, yaani sawa na presha ya hewa inayotukandamiza hapa juu, maji hayaulizi aliyemo ndani kavaa kanzu au kanga. Ubaguzi niliushusha mimi na kalamu yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, mpe mwanamke wako kipimo mkononi. Asiulize tu, apime, akosee, abishe. Mpe kazi. Narudia, mpe kazi, na hesabu usizipunguze ili uonekane mpole, wasichana wa siku hizi mnapenda sana kuonekana wapole, mtaachwa hivyo hivyo na upole wenu.

Mimi nilimwandika upya yule mama, sasa ndiye nahodha. Toleo la pili linatoka na jina langu lote, la baba na la babu. Yule mhariri wa "kaka" nimemtumia meseji ya sauti, tiki bado hazijawa za bluu.