Barua kwa mwanangu: kuanza kazi ya uhusiano wa umma wakati uchumi umedorora

Mombasa, 7 Novemba 2021

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, na babako anakusalimu sana.

Swali lako nimelisoma mara kadhaa kabla ya kukaa kulijibu, maana si la kujibiwa kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Umeniuliza ikiwa ni busara kuanza kazi ya uhusiano wa umma na mitandao ya kijamii wakati huu, ilhali kila shirika unaloliandikia Nairobi linakujibu kwamba limesitisha kuajiri, au ni afadhali urudi chuoni usome shahada ya pili mpaka uchumi utengemae. Jibu langu ni kwamba uanze sasa, ila usianzie pale unapopigania kuanzia. Nitakueleza kwa nini, na mengi ya nitakayosema yametokana na miaka niliyokuwa afisa uhusiano katika hoteli za huku Pwani.

Sitakuficha kwamba hali ni mbaya. Takwimu za Serikali zilizotolewa Septemba zinaonyesha kuwa uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3 mwaka jana na kwamba zaidi ya nafasi za kazi laki 7 zilipotea. Watalii waliofika nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa takriban milioni 2, walishuka hadi chini ya laki 6. Hata sasa, kafyu ikiwa imeondolewa majuzi tu, tarehe 20 Oktoba, kuna hoteli kati ya Bamburi na Diani ambazo hazijafungua milango. Tena vyombo vya habari vimeachisha kazi watu wengi, na jambo hilo lakugusa wewe moja kwa moja, kwa sababu mwanahabari aliyeandika kwa miaka kumi sasa anaomba nafasi ileile unayoiomba. Kwa cheti hutamshinda, wala usijaribu kumshinda kwa hicho.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo halionekani kwenye takwimu hizo. Fedha zinapoadimika, kampuni hukata kwanza matangazo: mabango ya barabarani, kurasa za magazeti, dakika za redio, hafla za kualika waandishi. Maswali ya watu hayakatwi. Kinyume chake, huongezeka, kwa kuwa kila mteja anataka kujua kama bidhaa bado ipo, kama bei imepanda, kama fedha alizokwisha kulipa ziko salama, na kama kampuni yenyewe itakuwepo mwezi ujao. Mwenye duka anayeshindwa kulipia tangazo bado anahitaji mtu wa kujibu. Kazi yako imo humo.

Nililiona hilo mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, kisha mdororo wa dunia ukatukuta tungali tumelala chini. Watalii walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2007 hadi kiasi cha milioni 1.2, na ukuaji wa uchumi wa nchi ukaanguka kutoka takriban asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilifuta bajeti yote ya matangazo kwa mkutano mmoja wa asubuhi. Kilichobaki mezani kwangu ni simu na barua pepe za mawakala wa safari wa Uingereza, Ujerumani na Italia, wakiuliza mambo ambayo hakuna tangazo lingeweza kuyajibu. Je, barabara ya kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi hadi Nyali inapitika? Kivuko cha Likoni kinavusha watu? Chakula na mafuta vinapatikana? Basi kila siku kabla ya saa mbili asubuhi nilimpigia dereva mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo ya Likoni, nikampigia mtu wetu wa uwanja wa ndege, nikampigia mnunuzi wetu aliyekuwa tayari yuko Marikiti, kisha nikaandika ukurasa mmoja usio na picha wala sifa, wenye saa na tarehe juu yake, nikautuma kwa wote. Palipokuwa na tatizo niliandika kwamba kuna tatizo. Baada ya wiki chache, mawakala waliacha kutuuliza kama tunasema kweli, wakaanza kutuuliza vyumba.

Ukitazama nje ya Kenya utaona jambo hilohilo likiingia kwenye mitandao yenyewe katika miaka ileile. Aprili 2009, Marekani ikiwa katikati ya mdororo ambao ungefikisha ukosefu wa ajira asilimia 10 kufikia Oktoba mwaka huo, wafanyakazi wawili wa tawi la Domino's, kampuni ya kuuza piza, huko North Carolina walijirekodi wakichezea chakula cha wateja kwa uchafu, wakaiweka video hiyo YouTube. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni moja katika siku chache. Kampuni ilinyamaza mwanzoni ikidhani kelele zitapoa zenyewe, kisha ikalazimika kumtoa kiongozi wake wa Marekani, Patrick Doyle, aombe radhi kwa video kwenye YouTube hiyohiyo, na ikafungua akaunti ya Twitter ili ijibu watu. Nafasi nyingi za kazi unazoziona leo zikiitwa meneja wa mitandao ya kijamii zilizaliwa kwa namna hiyo, katika miaka ambayo kampuni zilikuwa zinapunguza watu. Hazikuletwa na neema. Zililetwa na hofu. Hofu bado ipo, na kwa kweli mwaka huu imezidi.

Sasa nikuambie ni ujuzi gani hasa utakaokuuza, maana naona katika wasifu wako umeandika idadi ya wafuasi, programu za kuhariri picha na uwezo wa kupanga machapisho ya wiki. Si vibaya, lakini kila kijana wa rika lako anaandika hivyo. Chukua mfano wa mwaka jana, hoteli zilipofunga. Bibi harusi mtarajiwa anaandika kwenye ukurasa wa hoteli, mbele ya kila mtu: «Nililipa amana ya ukumbi wa Aprili. Mmefunga, simu hampokei. Mmekula pesa zetu.» Kijana aliyepewa ukurasa huo atajibu: «Pole sana kwa usumbufu, tafadhali njoo inboksi.» Jibu hilo lina adabu, lakini halina kitu ndani, na kila anayelisoma anaelewa kwamba pesa zimeliwa kweli. Jibu ninalolitaka mimi ni hili: «Amana yako tunayo. Unaweza kusogeza tarehe hadi Desemba mwakani bila nyongeza yoyote, au ukarudishiwa fedha zako ndani ya siku 30. Anayeshughulikia ni mhasibu wetu, namba yake ya ofisini ni hii, naye yuko kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni.»

Angalia kwamba jibu la pili haliandikwi na mtu aliyeketi na simu yake peke yake. Kabla ya kuliandika, ni lazima uwe umekwenda kwa mhasibu ukamuuliza kama hizo siku 30 anaziweza, uwe umemshawishi meneja akubali tarehe zisogezwe bila nyongeza, na uwe umemwomba mtu aketi kando ya simu saa hizo ulizotaja. Sehemu kubwa ya kazi ya uhusiano hufanyika ndani ya ofisi, kabla neno halijatoka nje, na mara nyingi hufanyika kwa kusimama mlangoni mwa watu wasiotaka kukuona. Ukiweza kumtoa mhasibu mwenye hasira jibu la kweli kabla ya adhuhuri, una ujuzi ambao yule mwanahabari wa miaka kumi huenda hana, kwa kuwa yeye alizoea kuuliza akiwa nje.

Hapo ndipo ninaposema usianzie unapopigania. Umekuwa ukiandikia mashirika makubwa ya Westlands na Kilimani, ambayo wateja wao ndio hao waliofuta bajeti. Acha kwa sasa. Shangazi yako mwenye duka la leso pale Biashara Street ana ukurasa wa Facebook uliojaa picha nzuri, na chini ya kila picha watu wameuliza bei, naye amewajibu wote «bei inboksi». Nusu yao hawarudi. Anza naye. Andika bei ya doti chini ya picha, andika namba ya kulipia ya M-Pesa pamoja na jina litakalotokea mteja anapolipa ili asiogope kutapeliwa, andika gharama ya kutuma kifurushi hadi Nairobi, Kisumu na Lamu, kisha umfungulie WhatsApp ya biashara ili maswali yanayojirudia yajibiwe hata akiwa msikitini. Kabla hujagusa chochote, hesabu ni watu wangapi waliouliza mwezi uliopita na wangapi walionunua. Baada ya miezi mitatu uhesabu tena. Karatasi hiyo moja, yenye hesabu za kabla na baada, ndiyo utakayoiweka mbele ya mwajiri wa pili, naye atakuwa mkubwa kidogo kuliko shangazi. Fikiria chama cha akiba na mikopo cha walimu, zahanati ya binafsi, shule inayodaiwa maelezo ya karo na wazazi. Wote hao wana watu wa kujibiwa, na hakuna anayewajibia kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mashirika makubwa huandika Kiingereza kwanza, kisha humpa mtu atafsiri harakaharaka Ijumaa jioni. Kiswahili chako ni mtaji ambao hujauweka hata kwenye mstari mmoja wa wasifu.

Kuhusu kufanya kazi bure ili upate uzoefu, sikubaliani nako, hata kwa jamaa. Kiasi kidogo kilichoandikwa kwenye mapatano ni bora kuliko ahadi, na shangazi anayelipa atakusikiliza, ilhali shangazi asiyelipa atakutuma pia sokoni.

Kuna fedha nyingine zitakazokujia haraka, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi. Uchaguzi ni Agosti mwakani. Mwezi Septemba, Mozilla, shirika linalofuatilia mambo ya intaneti, ilichapisha utafiti kuhusu watu wanaolipwa nchini Kenya kusukuma hashtegi za uongo kwenye Twitter, wakiwashambulia hata majaji na wanaharakati, kwa malipo ya kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni. Kwa kijana asiye na kodi ya nyumba hizo ni fedha, tena hulipwa kwa simu siku hiyohiyo. Atakayekualika hatasema ni uongo. Atasema ni kuongeza sauti, au ni kazi ya uhusiano. Kataa. Siyo kwa sababu tu sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inaweza kumfunga mtu hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari anazojua ni za uongo zenye kuzua hofu au ghasia au kumharibia mtu jina, bali kwa sababu akaunti utakayotumia kusema uongo ndiyo utakayotaka kesho iaminiwe. Hata wakubwa wa kazi hii hawakunusurika. Kampuni ya Bell Pottinger ya London, iliyowahi kuwa miongoni mwa zenye jina kubwa Uingereza, ilifukuzwa na chama chao cha kitaaluma Septemba 2017 kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini kwa niaba ya kampuni ya familia ya Gupta, wafanyabiashara matajiri wa huko, na mwezi huohuo ikaanguka. Wateja waliondoka mmoja baada ya mwingine katika siku chache. Wafanyakazi wake vijana, wengi wao hawakuigusa kampeni ile, nao walipoteza kazi.

Kuhusu shahada ya pili, sikukatazi kusoma. Nakukataza kusoma kwa ajili ya kujificha, maana karo ya miaka miwili ni fedha nyingi kwa nyumba hii kwa sasa, nawe utatoka ukiwa na swali lilelile la uzoefu. Ikiwa unataka darasa, jifunze kusoma hesabu za biashara ili mhasibu asikutishe na ili uelewe kwa nini meneja anakataa. Hilo laweza kufanyika jioni, kwa gharama ndogo. Jiunge pia na Chama cha Uhusiano wa Umma cha Kenya, ambacho kipo tangu mwaka 1971, uhudhurie mikutano yake, kwa kuwa katika kazi hii nafasi nyingi husikika kabla ya kutangazwa.

Shangazi yako nimekwisha kuzungumza naye. Amekubali kulipa shilingi elfu nane kwa mwezi kwa miezi mitatu, nauli ya kuja Mombasa mara moja ikiwa juu yake, kwa sharti kwamba usimwandikie Kiingereza kwenye ukurasa wake na usiweke sura yake. Mwandikie mapatano hayo kwenye karatasi moja mtie sahihi wote wawili, na umwombe akupe daftari lake la mauzo la Oktoba kabla hujabadilisha neno hata moja. Mimi nitakulipia bando hadi Januari. Wasifu nitumie tena ukishauandika upya kwa Kiswahili na Kiingereza, niupitie kabla ya Jumapili.

Mamako