Maswali ya Wasomaji: Kuliandikia Bunge Barua Pepe Si Udukuzi

Swali: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha vijana hapa Nakuru kinataka kutengeneza ukurasa mdogo wa mtandaoni ambao utamwezesha mwananchi kubofya mara moja na kumpelekea karani wa kamati ya Bunge barua pepe ya kupinga mswada. Mwenzetu mmoja anasomea kompyuta na kazi hiyo haimshindi. Wazazi ndio wanaotuzuia, wakitukumbusha yaliyompata yule dada wa Nairobi mwaka 2025. Je, tukiendelea tutakuwa tumevunja sheria?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Ndugu zangu, wazazi wenu hawakosei kuogopa, ila wakidhani kwamba sheria ilikuwa upande wa waliomkamata dada huyo, hapo wamekosea. Rose Njeri, mtaalamu wa programu za kompyuta, alikamatwa Ijumaa tarehe 30 Mei 2025 kwa kutengeneza ukurasa unaofanana sana na huo mnaoukusudia, ambao ulimsaidia mwananchi kutuma pingamizi lake kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Jumanne iliyofuata alishtakiwa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, akidaiwa kuingilia bila idhini mfumo wa ofisi ya karani wa kamati. Tarehe 20 Juni hakimu aliyatupilia mbali mashtaka hayo, kwa maana maelezo yaliyoandikwa humo hayakuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria.

Sababu ya mashtaka kuanguka si ngumu kuielewa. Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalilazimu Bunge kuwezesha ushiriki wa umma katika utungaji wa sheria, na Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka ya umma. Bunge likitangaza anwani ya kupokea maoni, kisha likalalamika kwamba maoni yamekuwa mengi, ni kama mwenye arusi kukasirika kwamba wageni aliowaalika wamejaa ukumbini.

Hata hivyo, uamuzi wa hakimu haufungi mahakama nyingine, kwa hiyo ukurasa wenu usijengwe kwa kutegemea jina la kesi hiyo peke yake. Kinachowalinda zaidi ni namna mtakavyouunda ukurasa wenyewe. Barua na itoke katika anwani ya mwananchi, kwa programu yake ya barua pepe, baada ya yeye mwenyewe kuisoma na kuweza kubadilisha maneno anayotaka. Isitoke kwenye seva yenu kwa jina la watu ambao hawakujua kama imetumwa. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria, kwa sababu mashine inayorusha maelfu ya ujumbe kwa nia ya kuangusha mfumo haiwezi kuitwa ushiriki wa umma, hata kama kila ujumbe una maneno mazuri. Jambo la pili, ambalo wanaharakati wengi hulisahau, ni kwamba mkianza kukusanya majina, nambari za simu au za vitambulisho vya wanaowaunga mkono, ninyi wenyewe mnakuwa wadhibiti wa data chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wajibu wote wa kuitunza unawaangukia. Ushauri wangu ni msikusanye kitu ambacho barua haikihitaji. Orodha isiyokuwepo haiwezi kuibwa wala kunyakuliwa.

Kuhusu kukamatwa, tazameni siku aliyokamatwa Njeri. Ibara ya 49 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini inaongeza kwamba saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haifanyi kazi, atafikishwa siku ya kazi inayofuata. Wikendi ile ilikuwa na Sikukuu ya Madaraka, iliyoangukia Jumapili na mapumziko yake yakasogezwa hadi Jumatatu, ndiyo maana Njeri alilala korokoroni siku nyingi kuliko saa hizo 24. Wakenya wameizoea Ijumaa ya "kamata kamata", yaani kumkamata mtu wikendi inapoanza ili alale korokoroni, na sioni kwamba tabia hiyo inaheshimu makusudio ya Katiba hata pale inapofuata herufi zake, kwa kuwa Ibara hiyohiyo inampa mshukiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana isipokuwa pana sababu nzito za kumnyima. Polisi wanaweza kutoa dhamana hata usiku wa Jumamosi. Kwa hiyo nambari ya wakili iwe imeandikwa kwenye karatasi na ikae kwa mtu ambaye hamko naye kwenye kazi hiyo, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Na simu ikichukuliwa? Kifungu cha 48 cha sheria ile ya 2018 kinamtaka ofisa wa polisi aende mahakamani kuomba kibali ili apekue au atwae kifaa na data iliyomo. Mwenye simu ana haki ya kukaa kimya na hawezi kushurutishwa kutoa maungamo yatakayotumiwa kama ushahidi dhidi yake. Aulize kibali kwa upole, ayakariri yaliyoandikwa humo, wala asishindane kwa mikono.

Swali: Mhariri mpendwa, niliandika kwenye Facebook kuhusu kukosekana kwa dawa katika zahanati ya kwetu. Siku chache baadaye mtu aliweka nambari yangu ya simu na picha ya nyumba yetu katika kundi la watu wengi, akawahimiza "wanitafute". Napigiwa simu za matusi usiku na mchana. Nimeambiwa nifute nilichoandika ili yaishe. Nifanyeje?
*Msomaji wa kike, Mombasa*

Jibu: Dada yangu, pole sana. Kufuta au kutofuta ni uamuzi wako, wala asikuone mwoga mtu ambaye hajapigiwa simu hizo, lakini kabla ya kugusa chochote hifadhi ushahidi. Picha ya skrini ioneshe jina la akaunti, anwani yake, tarehe na maneno yote, si kipande tu. Andika kando ni nani aliyeipiga picha hiyo na kwa kifaa gani, kwa sababu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza jinsi ulivyopatikana, na kesi nzuri zimewahi kukwama hapo.

Zipo njia mbili, na waweza kuzifuata zote. Ya kwanza ni polisi, kwani kifungu cha 27 cha sheria ya 2018 kinaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni unaomtia mtu hofu ya kudhuriwa. Lazima niseme kwamba kifungu hichohicho ndicho kinachowatia wasiwasi watetezi wa haki: kilipopanuliwa Oktoba 2025, haikupita hata wiki mbili kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu za mabadiliko hayo, kwa hofu kwamba zingetumiwa dhidi ya wakosoaji. Kwako wewe, hata hivyo, mtu aliyeanika nyumba ya mwenziwe na kuwaita watu wamtafute hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa kujieleza.

Njia ya pili ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ichunguze na kukamilisha lalamiko ndani ya siku 90. Ofisi hiyo ina meno: mwaka 2023 iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Aliyekuanika akijitetea kwamba alikuwa katika mambo yake binafsi, ambayo kweli sheria imeyasamehe, jibu ni kwamba kundi la mamia ya watu si sebule ya nyumbani.

Niruhusu niwaguse na wenzetu wanaharakati. Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, nambari za wabunge zilisambazwa na simu zao zikafurika ujumbe. Mbunge anatafutwa kwa kazi aliyoomba kura ili aifanye, na kwa maoni yangu kumwandikia kwa wingi ni halali maadamu hakuna vitisho. Nambari ya mkewe au ya mtoto wake haimo katika kazi hiyo. Anayeisambaza hana neno la kumwambia aliyekutendea wewe.

Swali: Mhariri, hapa Tanzania mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025. Nikitumia VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano kwa njia ya siri, nitakuwa nimekosa? Na je, ipo mahakama ya kulalamikia uzuiaji kama huo?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN wazisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kutumia kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, ambazo zimeweka adhabu ya faini au kifungo. Kutumia ambayo haijasajiliwa kuna hatari ya kisheria, nami sitakuficha, japo ni chombo kilekile ambacho mabenki na waandishi wa habari hukitegemea kulinda mawasiliano yao.

Ama mahakama, ipo ya Afrika Mashariki huko Arusha, ambayo haikulazimishi kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, na ambayo mwezi Machi 2019 iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ugumu wake ni muda. Ibara ya 30 ya Mkataba inatoa miezi miwili tangu tendo lifanyike au tangu ulipolijua, na mahakama hiyo imekwisha kukataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea unarefusha muda huo. Kwa agizo la Mei 2025 umechelewa. Likitoka agizo jipya, anza kuhesabu siku hiyohiyo na umtafute wakili ndani ya wiki ya kwanza.