Kivuli na maandishi katika mchoro wa nyambizi wa pikseli

Ndugu, umeuliza kwa nini nyambizi uliyoichora kwa pikseli (vile vidoti vya mraba vya kompyuta), ya aina ya Los Angeles ya jeshi la majini la Marekani, inaonekana bapa kama ubao ingawa umeitia kivuli, na kwa nini majina ya sehemu zake hayasomeki. Kosa la kwanza ni lilelile lililonisumbua mimi karibu mwaka mzima: umeligawa tumbo lake katika mikanda ya rangi yenye upana sawa.

Kazi yangu ni kupaka rangi mitumbwi na kuiandika majina pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na nyambizi sijawahi kuiona kwa macho. Kilichonifundisha ni pipa la buluu lililolazwa mchangani. Ukilitazama kwa ubavu, mwanga hubadilika upesi karibu na kingo za juu na chini, kwa kuwa hapo pipa linapinda na kukukimbia, ilhali katikati hubadilika polepole.

Sasa tupige hesabu. Nyambizi hiyo ina kipenyo cha futi 33, na kwa kipimo chako cha pikseli mbili kwa futi unapata pikseli 66. Ukiigawa mikanda sita kwa kufuata mpindo wake, upana kutoka juu kwenda chini utakuwa 4, 12, 17, 17, 12 na 4. Ukichukulia kwamba jua liko juu, upande wa mtazamaji, mkanda unaong'aa zaidi ni wa pili, wala si wa kwanza kama ulivyoweka wewe. Wa kwanza na wa tatu huchukua rangi moja ya kati, wa nne hufifia, wa tano ndio mweusi kuliko yote. Wa sita uinue kidogo ulingane na wa nne, kwa maana hata lile pipa lilipata mwanga kutoka mchangani. Ngazi nne za rangi zinatosha. Pale rangi nyeusi ya sehemu ya juu ya nyambizi inapokutana na nyekundu ya chini, mikanda iendelee vilevile, kila rangi na ngazi zake nne, kwa sababu mpaka wa rangi si mpaka wa kivuli.

Mnara unaosimama mgongoni mwa nyambizi usiutie mikanda hiyo. Ubavu wake umenyooka, hivyo unahitaji rangi moja na ukingo mwembamba wenye nuru.

Kuhusu maandishi, herufi zenye kimo cha pikseli tano husomeka, mradi uziweke nje ya mchoro na kuachanisha kila herufi kwa pikseli moja. Mistari ya kuelekezea iende mlalo, wima au nyuzi 45 tu, maana miinamo mingine mingi huvunjika kuwa ngazi zisizo na mpangilio. Hifadhi picha kwa muundo wa faili wa PNG. Mimi niliwahi kuhifadhi kwa JPEG, na kila herufi ikaota ukungu pembeni.

Kuna jambo moja zito zaidi ya hayo. Umeandika "Los Angeles, 1976", lakini mapezi ya kuzamia umeyachora puani. Nyambizi iliyoanza kazi mwaka huo ilikuwa na mapezi mnarani. Yalihamia puani kuanzia San Juan, nyambizi ya aina hiyohiyo iliyoingia kazini mwaka 1988. Kwa hiyo, ama uyarudishe mapezi mnarani, ama ubadilishe jina na mwaka.