Watoto, majirani na tuta la pamoja: maswali yenu ya bustani

Swali: Nina watoto wawili, wa miaka 5 na 8. Tumepewa tuta kwenye bustani ya pamoja, tukasia karoti. Leo ni siku ya kumi, hakijaota kitu, na yule mdogo kila tukifika anafukua kuangalia. Nifanyeje wasikate tamaa? (Mama wa wawili)

Jibu: Pole, mama, ila watoto hawana kosa. Karoti huota kati ya wiki 1 na 3, na hata ikitokeza ni nyembamba kama uzi. Mbegu yake hukaa juujuu, nusu sentimita tu. Udongo ukikauka na kuganda, kichipukizi hakiwezi kupasua ule ukoko.

Msifukue karoti. Sentimita 10 kando ya mstari wake chimbeni kifereji cha kina cha sentimita 1, msie figili, mbegu moja kila sentimita 3. Figili huota kwa siku 3 hadi 6 na huvunwa baada ya wiki 4 hivi. Msimu ujao changanyeni mbegu hizo mbili kwenye mstari mmoja: figili itapasua ukoko, itawaonyesha mstari ulipo, na itakuwa imeshang'olewa kabla karoti hazijahitaji nafasi. Siku ya kuvuna, mwache mtoto ashike majani karibu kabisa na udongo avute mwenyewe. Kile kitumba chekundu kinachochomoka na udongo wake ndicho kitakachomrudisha bustanini wiki inayofuata.

Huyu anayefukua anataka kuona, basi mwonyesheni. Chukueni glasi angavu, itandazeni ndani kwa karatasi laini iliyoloweshwa, mbandike maharage matatu kati ya karatasi na glasi. Baada ya siku 3 hivi utatoka mzizi, nao utaelekea chini hata kama punje imelala kifudifudi. Kisha itainuka shingo iliyopinda kama ndoano, ikizivuta nusu mbili za punje nyuma yake. Mzizi ukifika sentimita 2, lazeni glasi ubavu: baada ya siku moja au mbili mzizi utakuwa umekata kona kutafuta chini. Tumieni maharage yasiyopakwa dawa. Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu si za kushikwa na mtoto. Na asiyatafune: maharage mekundu makavu yakiliwa mabichi, punje nne au tano zinatosha kuleta kutapika.

Kuhusu tuta lenyewe, la mtoto lisizidi upana wa sentimita 60. La mtu mzima linaweza kufika 120, kwa sababu mkono wake unafika katikati akiwa pembeni. La mtoto likizidi 60 ataingia ndani, atakanyaga, na udongo utashikamana. Changanyeni mboji ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Na tafadhali, mtoto asipewe ile kona ya kivuli ambayo wakubwa wameikataa. Mboga nyingi zinahitaji jua la saa 6 kwa siku, na mtoto aliyeshindwa mara ya kwanza ni vigumu kumshawishi tena.

Mpeni keni ya lita 2 yenye kichwa cha matundu madogo. Keni ya lita 10 ni nzito kwake, ataimwaga pahali pamoja. Miche ikizidishiwa maji hupata kinyaushi: shina hunyong'onyea pale linapogusa udongo, mche unalala, na hauponi. Ikishaota, mwagilieni asubuhi, baada ya kugusa udongo na kuona umeanza kukauka juu.

Swali: Jirani alichukua tuta kwa furaha, sasa mwezi wa pili hajaonekana. Magugu yake yanaingia kwangu. Ni mtu mzima ninayemheshimu, naona haya kumwambia. (Mwenye tuta la kona)

Jibu: Magugu hayasubiri mtu atafute maneno. Mmea mmoja wa mchicha pori unaweza kuangusha mbegu zaidi ya 100,000, nyingi zitakaa udongoni miaka kadhaa. Mwombe ruhusa ya kufyeka kabla hayajatoa mbegu. Ombi la namna hiyo halimvunjii mtu heshima. Baada ya kufyeka, funika tuta kwa katoni zilizoondolewa gundi na plastiki, zipandane sentimita 15, juu yake weka matandazo ya unene wa sentimita 10.

Lakini hili lilipaswa kuwa la kamati, lisikuelemee wewe. Makubaliano yaandikwe kabla ya msimu: asiyeonekana wiki 2 bila taarifa anapigiwa simu, wiki 4 tuta linapewa mwingine, na aliyeugua au kusafiri anatunziwa. Mara nyingi chanzo ni ukubwa wa tuta. Kaya yenye kazi nyingi ikipewa mita 10 za mraba inaelemewa. Nusu yake inatosha kuanzia.

Swali: Wa kwangu ana miaka 3 na kila kitu anatia mdomoni. Nije naye?

Jibu: Njoo naye, ila kagua kwanza mambo manne. Pipa la maji liwe na kifuniko anachoshindwa kufungua. Mtoto wa umri huo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5. Mbarika na mnanaha zing'olewe zote, kwani mbegu zake ni sumu kali. Samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna mboga zinazogusa udongo. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Swali: Lundo letu la mboji linanuka, wanaopakana na bustani wanalalamika. Tulifute? (Katibu wa bustani)

Jibu: Msilifute, wana haki ya kulalamika lakini dawa ipo. Likinuka mayai yaliyooza, limekosa hewa na limejaa maji. Likinuka mkojo mkali, mabichi yamezidi. Kila mtu analeta maganda, hakuna anayeleta majani makavu!

Lipindueni lote kwa uma, mkichanganya majani makavu au katoni iliyochanwa mpaka makavu yawe mara 2 au 3 ya mabichi kwa ujazo. Kamua konzi moja: litoke tone moja mawili, lisichuruzike. Lundo liwe mita 1 kila upande, dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Likikaa sawa, katikati litafika nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi baada ya siku chache. Wekeni gunia la majani makavu pembeni, na kila anayemwaga ndoo ya maganda aifunike kwa ndoo mbili za majani. Nyama, maziwa, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka visiingie.

Swali: Bomba moja, kaya kumi na mbili, na kila jioni ni ugomvi.

Jibu: Pimeni kabla ya kugombana. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa mpira wa bomba hilo mkiangalia saa. Tuseme imejaa kwa dakika 2, yaani lita 10 kwa dakika. Pasipo na mvua, mboga zinataka kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Tuta la mita 5 za mraba ni lita 125, dakika 12 na nusu. Kaya zote kumi na mbili zinamaliza kwa saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Gawanyeni asubuhi mbili, dakika 7 kila kaya kila zamu, majina yabandikwe bombani. Mwenye kitalu cha miche achote kwa keni siku yoyote.